Nyumba ya Annexe: ya kukaa leo, ya kupangisha kesho

"Shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) ametia muhuri, basi lupango (kiwanja) ni wangu." Maneno haya yameliza wengi walionunua nyumba Annexe, komuni ya pembeni ya Lubumbashi. Tangu sheria ya Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali peke yake. Raia hupewa konsesyo, yaani haki ya kuutumia, na haki hiyo huthibitishwa na sertifika ya uandikishaji kutoka kwa konservateri wa hati za ardhi. Karatasi ya shefu ni mwanzo wa safari tu.

Ukiwa unakaa humo mwenyewe, kasoro hiyo inaweza kulala miaka kumi. Inaamka siku umehamia Kolwezi kwa kazi: mtu anabisha hodi kwa mpangaji wako, ana karatasi zake mkononi, na mpangaji anaacha kulipa mpaka ijulikane mwenye nyumba ni nani. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata dola moja, peleka namba ya lupango kadastri, ofisi ya upimaji wa viwanja, na kwa konservateri, uulize umeandikwa kwa jina la nani. Muuzaji akisema ana haraka, mwache aende na haraka yake.

"Nyumba kubwa ndiyo hupata mpangaji mzuri." Inategemea nani anatafuta upande huo. Upande wa Kasapa, humo humo Annexe, kuna chuo kikuu. Wanafunzi na vijana wanaoanza kazi wanataka chumba chenye mlango wake, si sebule pana uliyoipenda wewe. Afadhali nyumba ya kadiri na nafasi ya kujenga vyumba viwili nyuma. Tena wataanza kuuliza maji: bomba la REGIDESO, shirika la maji la Serikali, limefika? Kama ni kisima, kiko mbali kiasi gani na choo? Umeme nao usiuangalie saa sita mchana. Nenda jioni, kartie nzima ikipika, uone taa zinavyofifia.

"Nimeikagua, haina unyevu." Umeikagua Agosti, wakati hata mbwa wa Lubumbashi ana vumbi jekundu! Mimi nilinunua Julai. Januari teksi zikakataa kuingia kwenye barabara yetu, na ukutani ukajitokeza mstari wa maji chini ya rangi mpya, rangi ambayo muuzaji alikuwa ameipaka hadi usawa wa goti tu. Nilidhani ni urembo. Kama huwezi kungoja masika, ulizia kwa jirani maji yalifika wapi mwaka jana. Jirani hauzi chochote.

"Garanti, pesa ya dhamana anayoweka mpangaji akiingia, ni ya mwenye nyumba." La. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha kodi ya miezi 3 kwa nyumba ya kukaa, na pesa hiyo hurudi kwa mpangaji akitoka bila kuharibu kitu wala kuacha deni. Ukiinunulia mabati, siku anahama utakopa wapi?