Je, wajua kwa nini fundi wa Pokémon huacha pigo kali akatumia dhaifu?

Pita kwenye baraza za Mji Mkongwe baada ya alasiri utawakuta wazee wameinamia bao, na kando yao vijana wameinamia simu. Wanacheza Pokémon, mchezo uliotoka Japani mwaka 1996: kila mtu na viumbe wake, hadi sita, wanapigana kwa zamu, na ambaye viumbe wake wakiisha wote ndiye aliyefungwa. Lakini wakibaki mmoja kwa mmoja, fundi anayeongoza mara nyingi huliacha pigo lake kali. Kwa nini?

Chukua mapigo mawili ya maji. Hydro Pump ina nguvu 110, ila hupata mara 80 tu katika 100. Surf ina nguvu 90, na kwa kawaida haikosi. Tuseme wewe ndiye unayetangulia kupiga. Hydro Pump moja inammaliza mwenzako, Surf zinatakiwa mbili, naye anahitaji mapigo mawili kukumaliza wewe. Kwa Hydro Pump unapata kujaribu mara mbili, na uwezekano wa zote kukosa ni 4 katika 100. Surf mbili hazina hata hiyo 4. Basi ya nini kubahatisha?

Ila hesabu haijaisha, na hapa ndipo fundi anapoachana na mwanafunzi. Katika matoleo ya miaka ya karibuni, pigo la kawaida lina nafasi 1 katika 24 ya kutoka kwa kishindo, madhara yake yakawa mara 1.5. Anayetumia Surf kwa kawaida humwachia mwenzake zamu moja katikati. Kama kishindo kinatosha kukuua, ile 100 yako imeshuka hadi karibu 96. Hydro Pump nayo, kwa kuwa mara nyingi humaliza kazi kabla hujapigwa hata mara moja, inabaki juu kidogo ya 95. Njia zilizoonekana mbali zimekaribiana mno! Mimi bado ningechagua Surf, lakini si kwa kudhani kwamba ni salama kabisa.

Sasa geuza hali: pigo moja tu la mwenzako linakumaliza. Surf inakupa karibu 4 tu, ikitokea imetoka kwa kishindo; Hydro Pump inakupa 80. Watu husema mfa maji haachi kutapatapa, lakini huyu hatapatapi, ameshahesabu.

Wazee wa bao hawana shida hii. Likishaingia kwenye mtaji, yaani kete za mkononi zikishaisha, kete zote 64 ziko machoni na hakuna bahati ndani yake. Ukifungwa, umekosea wewe au mwenzako amekuzidi. Kwenye Pokémon unaweza kuchagua sawasawa ukafungwa. Ndiyo maana huniuma kijana anapopiga Hydro Pump katika hali ile ya mwisho, ikakosa, baraza nzima ikamcheka kwa papara. Hakuwa na papara. Aliichukua 80 akaiacha 4.