Kikapu cha Vipodozi Baada ya Miaka 40: Maswali na Majibu Kuhusu Ngozi Inayobadilika

Karibu na kioo cha mwanamke wa makamo mara nyingi hukosi kikapu kidogo cha plastiki. Ndani yake mna mafuta ya nazi katika chupa iliyokuwa ya maji, losheni mbili zenye harufu tofauti, sabuni ya kutakatisha, manjano ya unga, seramu iliyoagizwa kwa simu, kopo la krimu lisilo na maandishi lililotoka saluni, na tyubu ya dawa ya fangasi iliyobaki tangu mtoto alipougua. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayoulizwa sana na wanawake wa miaka 40 hadi 60, na majibu yake mengi yanataka kikapu hicho kipunguzwe.

Swali: Nina miaka 49. Losheni niliyoitumia zaidi ya miaka 10 bila tatizo sasa inaniwasha. Imebadilishwa kiwandani, au ni mimi niliyebadilika?

Yawezekana imebadilishwa, lakini katika umri huo ngozi yako ndiyo ya kushukiwa kwanza. Homoni ya estrojeni huisaidia ngozi kutengeneza kolajeni, kuhifadhi maji na kutoa mafuta yake ya asili. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, lakini homoni huanza kupanda na kushuka miaka kadhaa kabla ya hapo, hata kabla hedhi yenyewe haijavurugika sana. Inakadiriwa kuwa katika miaka 5 ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, ngozi hupoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni yake, kisha upungufu huendelea polepole.

Tabaka la juu la ngozi hufanya kazi inayofanana na ya paa la makuti: makuti yakiwa mapya na yamepangwa vizuri, mvua haipenyi, yakichakaa, pale palipokuwa pakavu huanza kuvuja. Manukato na alkoholi vilivyokuwamo ndani ya losheni yako miaka yote sasa vinapata upenyo, na ndiyo maana unahisi muwasho. Jambo jingine la kuangalia ni dawa unazomeza. Baadhi ya vidonge vya shinikizo la damu, hasa vile vya kuongeza mkojo, huweza kuifanya ngozi iathirike upesi na jua. Usiviache kwa sababu hiyo, bali umwambie daktari aliyekuandikia.

Swali: Kama ni kupunguza, nianze na kipi?

Weka kando kila kitu kwa wiki 6, ubaki na vitatu tu: kisafishio laini, kitu cha kulainisha ngozi na kinga ya jua. Muda huo si wa kubahatisha, kwani ngozi ya kijana hujivua na kujijenga upya kwa takriban wiki 4, na kadiri umri unavyosonga kazi hiyo huchukua muda mrefu zaidi. Anayebadilisha krimu kila baada ya siku 5 hawezi kujua ipi imemfaa na ipi imemdhuru.

Kusafisha ndiko kunakokosewa zaidi. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, yaani pH ya karibu 5, ilhali sabuni nyingi za kipande huwa na pH ya 9 hadi 10, na sabuni ya mche, ambayo wengi wetu tumekulia nayo, ni kali kwa ngozi kavu. Osha uso kwa kisafishio laini kisicho na manukato mara moja tu kwa siku, usiku, ili kuondoa jasho, vumbi na vipodozi. Asubuhi maji matupu yanatosha. Mwilini, sabuni ipite kwapani, kwenye kinena na kwenye nyayo, kwa kuwa mikono na miguu isiyo na uchafu unaoonekana haihitaji povu kila siku. Dodoki lipumzishwe. Maji yawe ya uvuguvugu, hata kama Arusha au Njombe mwezi wa Julai yanakushawishi uyachemshe hadi yatoe mvuke.

Ukitoka kuoga, jikaushe kwa kubonyezabonyeza taulo bila kusugua, kisha upake mafuta ngozi ingali na unyevunyevu, ndani ya dakika 3 hivi. Hatua hii ndogo huleta nafuu kuliko kubadilisha chapa. Mafuta ya mgando, yale ya bei nafuu yanayopakwa watoto wachanga, ni miongoni mwa vitu vinavyozuia vizuri zaidi maji yasitoke kwenye ngozi, nami sioni sababu ya kuyaonea haya kwa kuwa tu kopo lake halina urembo. Kwa mkazi wa Tanga au Mombasa mwenye jasho na chunusi yanaweza kuwa mazito usoni. Huyo atumie losheni nyepesi yenye gliserini, na mafuta ya mgando ayaache kwa visigino, viwiko na mikono. Mafuta ya nazi yanafaa mwilini, ila usoni huziba vinyweleo vya baadhi ya watu.

Swali: Mimi ni mweusi. Krimu ya kuzuia jua si ya wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino?

Wenye ualbino wanaihitaji kuliko sisi sote, kwa kuwa kwao ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi. Ndiyo maana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kilianza kutengeneza krimu iitwayo Kilisun kwa ajili yao. Hata hivyo, ngozi nyeusi nayo haikukingwa kikamilifu. Melanini iliyomo katika ngozi nyeusi sana imewahi kupimwa na kuonekana inakinga kwa kiasi kinachokaribia SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua), ambacho hutosha kukuepusha na kuungua mara kwa mara lakini hakitoshi kuzuia mabaka. Na mabaka ndiyo shida yetu: wakati mwanamke wa Kizungu wa miaka 45 analalamikia makunyanzi, mwenzake wa Kiafrika hulalamikia madoa, rangi isiyolingana, na vivuli vyeusi kwenye paji la uso na mashavuni.

Zaidi ya hayo, mabaka hayo huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao krimu nyingi zisizo na rangi hupitisha. Ikiwa tatizo lako ni mabaka, tafuta krimu yenye rangi inayokaribiana na ngozi yako, kwa sababu rangi hiyo hutokana na oksidi za chuma, nazo huzuia mwanga huo. Vilevile haikuachi na uso wa majivu, jambo lililowafanya wengi watupe krimu ya jua baada ya siku ya kwanza.

Chagua SPF 30 au zaidi. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza, na SPF 50 takriban asilimia 98, hivyo usilipe maradufu kwa tofauti hiyo. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya krimu iliyojaa urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Wengi hupaka robo ya kiasi hicho kisha wakasema haifanyi kazi. Anayekaa juani anapaswa kurudia kila baada ya saa 2, na anayetawadha azingatie kwamba udhu wa adhuhuri na wa alasiri huondoa sehemu kubwa ya ile ya asubuhi. Akishaswali, apake tena.

Ni kweli kwamba kati ya vile vitu vitatu hiki ndicho cha gharama zaidi, na wapo ambao bajeti yao haikiruhusu. Kwao mwavuli, kofia pana na kitenge kilichofumwa vizuri ni kinga halisi, pamoja na kukwepa jua la saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni kila inapowezekana. Anayekaa dirishani kwenye daladala kila siku akumbuke kuwa kioo huzuia mionzi inayounguza lakini hupitisha sehemu kubwa ya ile inayozeesha ngozi.

Swali: Na liwa, manjano, singo na limau? Bibi zetu walikuwa na ngozi nzuri.

Liwa iliyosagwa na kuchanganywa na maji au marashi kidogo haina neno kwa wengi, ingawa ikikaukia usoni huacha ngozi kavu, kwa hiyo ioshwe kabla haijapasuka na mafuta yafuate. Singo, yaani mchanganyiko wa kusugua mwili, ni ya shughuli. Bibi harusi husuguliwa kwa siku chache, tena akiwa na miaka 20 na kitu. Kujisugua hivyo kila wiki ukiwa na miaka 52 ni kuiumiza ngozi, na ngozi nyeusi ikiumizwa hujibu kwa doa. Manjano huwawasha baadhi ya watu. Limau na ndimu zisiguse uso kabisa, kwa maana maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi zinazokaa miezi.

Swali: Wiki 6 zimepita na ngozi imetulia. Nataka kuongeza kitu cha madoa na mikunjo.

Ongeza kimoja tu. Chenye ushahidi mwingi zaidi ni kundi la retinoidi, linalotokana na vitamini A: retinoli, inayouzwa kama kipodozi, ni nyepesi, ilhali tretinoini ni dawa ya kuandikiwa. Hupakwa usiku kwenye uso mkavu, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, mara 2 kwa wiki mwanzoni, kisha mafuta ya kulainisha juu yake. Ikichoma sana, tanguliza mafuta ndipo upake dawa. Usiihukumu kabla ya wiki 12.

Kuna onyo moja ambalo wanawake wa umri huu hulipuuza. Retinoidi hazitumiki wakati wa ujauzito, na mwanamke ambaye hedhi yake inarukaruka bado anaweza kushika mimba. Ukomo wa hedhi huhesabiwa baada ya miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Aliye katika hali hiyo, au ambaye ngozi yake haivumilii retinoidi, anaweza kuuliza kuhusu asidi ya azelaiki, ambayo hupunguza madoa na chunusi na huhesabiwa kuwa salama hata kwa mjamzito.

Swali: Kolajeni ya unga ya kunywa je?

Tumbo huivunjavunja kama protini nyingine yoyote. Majaribio yaliyofanywa mengi ni madogo, na mengi yamelipiwa na watengenezaji wenyewe. Fedha hiyo inunue krimu ya jua na dagaa.

Swali: Nimetumia krimu ya kopo kwa miaka 6. Nikiiacha, uso unawaka moto na kuwa mweusi kuliko mwanzo. Nifanyeje?

Dada, hilo kopo ndilo la kwanza kutoka kikapuni, lakini usilitupe kabla halijaonwa na daktari. Dalili unazoeleza zinafanana na za mtu aliyezoea mkorogo wenye steroidi kali kama klobetasoli, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba, huleta chunusi na mistari, na zikikatwa ghafla uso huvimba na kuwaka. Daktari wa ngozi anaweza kukupangia namna ya kuziacha, wakati mwingine kwa hatua, na huo si wakati wa kujaribu krimu nyingine ya kutuliza kutoka kwa jirani.

Kuna viambato vingine viwili vya mikorogo vya kuogopwa. Haidrokwinoni ikitumika kwa miaka bila usimamizi huweza kuleta kinyume cha kilichotafutwa, yaani madoa ya rangi ya buluu inayoelekea weusi mashavuni, ambayo ni magumu mno kuyaondoa. Zebaki nayo hupenya mwilini na kuharibu figo, na huweza kumfikia hata mtoto anayelala kifuani mwa mama aliyejipaka. Tanzania na Kenya zote zimepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo. Kwa upande wa Tanzania usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019. Pamoja na hayo makopo bado yanauzwa, kwa sababu kopo lisilo na maandishi halina cha kukaguliwa. Mweleze daktari umelitumia kwa muda gani na sehemu zipi za mwili, naye aweza kuagiza kipimo cha mkojo na cha figo. Hakuna aibu katika hilo.

Swali: Vipele vidogo vyeusi vinaongezeka mashavuni, havichomi wala haviwashi.

Mara nyingi hivyo ni vioteo visivyo na madhara, huwapata sana watu weusi na hurithiwa katika familia. Visifungwe uzi wala visichomwe kwa dawa ya vichochoroni. Kovu litabaki kubwa kuliko kipele.

Swali: Ni dalili zipi zisizohusiana na vipodozi kabisa?

Kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki 4, doa jeusi linalokua katika unyayo au kiganja, na mstari mweusi mpya chini ya ukucha mmoja unaopanuka. Saratani ya ngozi iitwayo melanoma, inapowapata watu weusi, hupenda kuanzia sehemu hizo. Baka lililofifia rangi na lisilohisi likiguswa lipelekwe kituo cha afya kwa ajili ya kuchunguzwa ukoma, ambao unatibika na dawa zake hutolewa bure. Muwasho wa mwili mzima usio na upele unahitaji kupimwa ini, figo, sukari na tezi ya shingo.

Halafu kuna shingo. Wanawake wengi wa makamo huona ngozi ya nyuma ya shingo na ya kwapani ikiwa nyeusi, nene, laini kama mahameli, wakaidhania kuwa ni taka, wakaisugua kwa dodoki, kwa jiwe, hata kwa magadi. Haitoki, kwa sababu si uchafu. Mara nyingi ni ishara kwamba mwili umeanza kushindwa kuitumia insulini ipasavyo, na inaweza kuonekana miaka kadhaa kabla ya kisukari chenyewe. Mwenye shingo ya namna hiyo aende kupimwa sukari asubuhi kabla hajala kitu, na dodoki aliache nyumbani.