Sindano ya mgongo: ganzi hupandaje hadi kifuani?

Mjamzito anayeandaliwa kwa upasuaji pale Hospitali ya Bombo, Tanga, anaweza asiogope kisu kama anavyoogopa sindano ya mgongo, hasa kama shangazi ameshamwambia kuwa itampooza. Akishachomwa, hofu hugeuka mshangao: sindano imeingia kiunoni, ganzi imefikaje usawa wa matiti?

Kupooza kwanza. Kwa mtu mzima, ugwe wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sisi wataalamu wa usingizi huchoma chini ya hapo, mara nyingi kati ya ya tatu na ya nne, penye maji na nyuzi za neva zinazoelea.

Bupivakeini nzito, dawa inayotumika sana kwa kazi hii, huwa na miligramu 80 za sukari kwa kila mililita. Ni nzito kuliko maji ya mgongo, hivyo huzama kama shira ya kaimati kwenye glasi ya maji. Ukilala chali, kiuno huinuka kidogo na mgongo wa juu hubonyea. Dawa hutelemka kuelekea huko. Kwa mjamzito dozi hupunguzwa, maana mishipa ya damu iliyovimba hubana nafasi ya maji hayo.

Na sindano? Zile za ncha ya penseli zina tundu ubavuni. Likielekezwa kichwani, dawa isiyo na sukari huweza kupanda zaidi. Kwa dawa nzito tofauti ni ndogo. Uzito wake na ulivyolala ndivyo vinavyoamua. Linalotusumbua zaidi ni tundu kukaa nusu ndani, nusu nje ya utando unaozunguka maji ya mgongo: maji yanachuruzika vizuri, lakini sehemu ya dawa inamwagika nje na ganzi inakuwa hafifu. Ukishtuka, ncha husogea. Ndiyo maana tunasisitiza ujikunje na utulie.

Ncha hiyo pia hutanua nyuzi za utando badala ya kuzikata, na maumivu ya kichwa baadaye hupungua. August Bier, Mjerumani aliyeanzisha ganzi hii mwaka 1898, alijitolea kuchomwa mwenyewe na kichwa kikamuuma kwa siku kadhaa. Sindano za wakati ule zilikuwa nene!

Kabla ya kisu tutakupima kwa kitu cha baridi kujua ganzi imefika wapi. Ukihisi vidole vya mikono vinakufa ganzi, pumzi inakuwa nzito au kichefuchefu kinakujia ghafla, sema hapo hapo, usisubiri kuulizwa.