Kwa nini farasi hulia kila likitajwa jina la Frau Blücher?

"Blücher njo kole mu Kialemani," yaani ni gundi kwa Kijerumani, nilimwambia shemeji yangu sebuleni kwake Katuba, hapa Lubumbashi, kwa uhakika wa mtu aliyesoma. Tulikuwa tunatazama Frankenstein Junior, jina la Kifaransa la Young Frankenstein, kichekesho cha mwaka 1974 kinachozitania filamu za kutisha za miaka ya 1930. Kila anapotajwa Frau Blücher, mama mkavu anayetunza ngome, farasi walioko nje wanalia kwa hofu. Kwa maelezo yangu, zamani gundi ilichemshwa kutokana na kwato na ngozi, za farasi zikiwemo, kwa hiyo maskini wanasikia jina la sufuria yao.

Maelezo matamu, ila ya uongo. Shemeji ni seremala, akataka kujua kama Wajerumani huandika Blücher kwenye makopo ya kole ya mbao. Nikafungua simu. Gundi kwao ni Leim, au Kleber, au Klebstoff. Blücher ni jina la ukoo tu, na mwenyewe maarufu ni yule jemadari wa Prussia aliyefika Waterloo mwaka 1815, siku ikielekea jioni, akamharibia Napoleon hesabu. Vita hiyo nilifundishwa darasani, nikaifanyia na mtihani, bado nikamgeuza jemadari mzima kuwa kopo la gundi! Kinachofanya hadithi hii iaminike ni kwamba nusu yake ni kweli: gundi ya farasi ilikuwepo. Ni neno tu lililosingiziwa.

Basi wanalilia nini? Filamu yenyewe haisemi. Lakini filamu za kutisha za zamani zilipenda radi ipige au mbwa walie pale jambo baya linapokaribia, na Mel Brooks na Gene Wilder, walioandika hii, waliichukua desturi hiyo wakaizidishia chumvi.

Chukua mjomba fulani. Mko mezani, mtu anamtaja, umeme unakatika. Mnatafuta mshumaa. Umeme unarudi, anatajwa tena, giza. Mnatazamana. Mara ya tatu, mtu akisema tu "mjo...", mnaangua kicheko na taa bado zinawaka. Kanuni imezaliwa mbele ya macho yenu, na hakuna aliyehitaji kujua mjomba alikosa nini.

Vichekesho vingine humo vinadai uwe umeiona Frankenstein ya 1931. Picha ni nyeusi na nyeupe kwa makusudi, na maabara imejaa mitambo ileile aliyoiunda Kenneth Strickfaden kwa filamu ile ya zamani. Shemeji hakuwahi kuiona, hivyo vikampita. Farasi hawakumpita. Hata sauti za Kifaransa hazikuharibu kitu, maana mlio wa farasi hautafsiriwi.

Aliyeielewa kanuni kuliko wote ni Igor, mtumishi katika filamu hiyo, mwenye kibyongo kinachohamahama bega. Frau Blücher akishaondoka, Igor anarudi na kulitaja jina bila sababu yoyote, ili tu awasikie. Hapo shemeji alininyang'anya rimoti, akarudisha nyuma mara nne.