Herufi 8, laini: dhana potofu za mahameli, swedi na ngozi

Watunzi wa mafumbo ya maneno wanapenda sana vitu laini. Abiria wa Mbeya–Njombe akikuta kidokezo "kitambaa cha hariri chenye malaika (vinyweleo laini), herufi 8", anajaza MAHAMELI na kusonga mbele. Visanduku vinatosha. Kibovu ni kidokezo.

"Mahameli ni hariri"
Mahameli ni namna ya kufuma, si aina ya uzi. Kwa kawaida kiwandani vitambaa viwili hufumwa kwa pamoja, kimoja juu ya kingine, vikishikana kwa nyuzi za katikati. Kisha wembe unapita kati na kuvitenganisha. Ncha zilizokatwa ndizo malaika unayoyapapasa. Uzi wenyewe unaweza kuwa hariri, pamba au poliesta. Fundi cherehani makini wa Mwanjelwa anahangaika zaidi na malaika yamelalia wapi, maana vipande vikielekea pande tofauti, gauni la rangi moja linaonekana la rangi mbili.

"Swedi ni kitambaa"
Ni ngozi, imesuguliwa upande wa ndani, ule uliogusa nyama. Nubuki inafanana nayo, ila husuguliwa upande wa nje, penye manyoya. Ipo pia ya kuigiza: kampuni ya Toray ya Japani iliibuni mwaka 1970 kwa nyuzi nyembamba mno za poliesta, na vidole hudanganyika.

"Swedi ikilowa imekwisha"
Hapana. Ianike kivulini, kisha ipige brashi. Kinachoiharibu ni kuiweka kando ya jiko la mkaa.

"Ngozi halisi haishiki moto"
Hii ndiyo inayoniudhi, kwa sababu watu huipima ngozi kwa kiberiti na kuunguza viatu. Ngozi inaungua, polepole, ikinuka kama nywele. Ya bandia huyeyuka, lakini hata ngozi halisi iliyopakwa utando wa plastiki itayeyuka juujuu. Ukiwa kwenye mitumba pale Mlandege, rudisha kiberiti mfukoni na utazame ukingo uliokatwa: ngozi ina nyuzinyuzi zilizosokotana, bandia mara nyingi inaonyesha kitambaa chini ya plastiki.

"Ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti ndiyo laini, kwa kuwa ni ya asili"
Njombe wangecheka. Miwati, miti iliyotoka Australia, imelimwa huko na kampuni ya TANWAT tangu 1949, na magome yake hukamuliwa tanini ya kusindikia ngozi. Tanini hiyo huifanya ngozi ijae na kukakamaa: nzuri kwa soli, mikanda na matandiko ya farasi. Koti laini la kuvaa Makambako mwezi Juni, kwa kawaida, lilisindikwa kwa chumvi za kromi, njia iliyoenea viwandani tangu mwishoni mwa karne ya 19. Hata hiyo kromi peke yake haitoshi. Ngozi hunyweshwa mafuta ili nyuzi zake zisigandamane inapokauka, halafu mashine huivuta na kuichapa mpaka ilegee.