Abushiri alikuwa na shamba la miwa, jamani

Nimeulizwa tena, safari hii na mwalimu wa historia: "Abushiri si ndiye yule Mwarabu aliyepigana na Wajerumani ili biashara ya utumwa isife?" Basi naandika mara moja, ili anayekuja na swali hilo nimpe kiungo nikaendelee na kazi.

Abushiri bin Salim al-Harthi alikuwa mkulima wa miwa Pangani, na kabla ya vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, vilivyoanza 1888, alishakwenda bara kupigana na Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi. Mkulima na askari. Ukiyashika hayo mawili, mengi ya mwaka 1888 yanajieleza yenyewe.

Lakini kwanza nasaba, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Baba yake Mharthi, yaani Mwarabu wa ukoo wa al-Harthi wenye asili ya Oman; mama yake Muoromo, watu wa upande wa Ethiopia. Wageni wa enzi zile wakiona hivyo waliandika "chotara", na vitabu vyetu vikanakili bila kuuliza. Wapwani wenyewe hawakuhesabu hivyo. Mtoto hufuata kwa baba, na sheria ya Kiislamu haimtengi mtoto wa suria (mtumwa aliyezaa na bwana wake) na mtoto wa mke wa ndoa: akishatambuliwa na baba yake ni muungwana na anarithi kama ndugu zake. Majid, Barghash na Khalifa, masultani watatu waliofuatana Zanzibar, wote ni wana wa Seyyid Said na wote wamezaliwa na masuria. Mbona hao hatuwaiti chotara? Kwa hiyo ukitaka kujua Abushiri alikuwa nani mbele ya majirani zake, acha kupima damu yake, tazama ukoo wake.

Ukoo huo haukuwa na mapenzi na Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar. Mwaka 1859 Waharthi walimuunga mkono Barghash alipotaka kumpindua ndugu yake Majid. Jaribio likashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na mkuu wa Waharthi akafungwa. Ndiyo maana nachoka kusikia kwamba Abushiri alikuwa mtu wa Sultani. Mharthi mwenye shamba Pangani hakuhitaji Mjerumani amfundishe kuichukia bendera ya Zanzibar.

Sasa shamba. Miwa ya bonde la Mto Pangani ilikamuliwa, maji yake yakachemshwa, ikauzwa sukari guru na asali ya miwa. Je, watumwa walikuwepo? Walikuwepo, na kazi ya miwa iliwatesa. Sitamsafisha Abushiri. Lakini kusafirisha watumwa na kuwatumikisha shambani ni mambo mawili, na anayeyachanganya hawezi kuelewa Pangani. Mkataba wa 1873 ulipozuia kupeleka watumwa kwa bahari, waliokuwa wakiletwa kutoka bara walibaki Mrima, pwani inayoelekea Zanzibar, kwa bei rahisi, na mashamba ya huko ndiyo yaliyonufaika. Mwenye shamba la miwa hakuwa na sababu ya kulilia soko la ng'ambo. Alichokuwa nacho cha kupoteza ni ardhi, na juu yake deni, kwa sababu wakulima wengi wa huko waliendesha mashamba kwa fedha za kukopa kwa Wahindi.

Hapo ndipo Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilipomgusa. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa aliwapa utawala wa pwani na forodha. Agosti wakaja na amri zao: kodi, na wenye ardhi kuthibitisha umiliki wao mbele ya Kampuni. Nani alikuwa na karatasi? Ukiwa na shamba lililotambuliwa kwa mipaka ya minazi na ushahidi wa majirani, amri hiyo ni kama mwizi kukuomba risiti ya kitanda chako.

Na tafadhali, Abushiri hakuyaanzisha mapambano. Emil von Zelewski, mwakilishi wa Kampuni, alitaka bendera ya Kampuni ipandishwe Pangani, liwali (gavana wa Sultani) akakataa, wanajeshi wa manowari wakashushwa, mbwa wakaingizwa msikitini wakati wa Idi. Waliowaka ni watu wa mji, majumbe (wakuu wa miji na vijiji), wapagazi wa misafara, watu kutoka mashamba ya nyuma ya mji. Abushiri aliingia akawa kiongozi kwa sababu alijua vita na alikuwa na watu wa kuwalisha na kuwaamuru. 

Hapa nina shaka yangu: tunaposema "watu wake", wangapi walipigana kwa hiari? Mtumwa aliyebeba bunduki ya bwana wake Bagamoyo simhesabu haraka kuwa mpigania uhuru, wala simwiti kibaraka.

Hadithi ya utumwa ilipata nguvu Berlin. Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alihitaji kura za chama cha Wakatoliki, na Kardinali Lavigerie alikuwa amelitikisa bara la Ulaya kwa kampeni dhidi ya utumwa. Ukiyaita mapambano "uasi wa Waarabu", fedha zinapatikana: Januari 1889 Bunge lilipitisha mark milioni 2. Hermann Wissmann, kamanda aliyetumwa na Ujerumani, akaajiri Wasudani na Washangaan wa Msumbiji, akaivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo tarehe 8 Mei. Yaliyofuata ni miezi ya kukimbizwa bara, hadi jumbe mmoja wa Uzigua akamkabidhi. Akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Wanaoshikilia "uasi wa Waarabu" nawaachia Bwana Heri bin Juma wa Saadani, Mswahili aliyepigana bega kwa bega na Wazigua, akaendelea miezi baada ya Abushiri kuzikwa, akajisalimisha Aprili 1890. Hakunyongwa. Mnieleze huyo naye mnamweka wapi.