Je, wajua injini inaweza kumaliza oili bila kudondosha hata tone chini?

Kwa karibu miaka miwili niliamini jibu lisilo sahihi la swali hili. Pikapu yetu ya petroli, ya silinda nne, ilikuwa inabeba kabichi na karoti kutoka Lushoto, inashuka Soni hadi Mombo, kisha inashika barabara kuu kwenda Tanga. Kila ikimaliza kama kilomita 1,000, kijiti cha kupimia oili kilitoka kikiwa kimelowa kwenye alama ya chini tu. Lita nzima imekwenda. Chini ya gari pakavu. Nililaza boksi lililokunjuliwa usiku kucha chini ya injini, asubuhi halina doa. Nikasimama nyuma ya bomba la moshi gari likiwa linanguruma pale pale uwanjani, sikuona moshi wa bluu. Nilifika hatua ya kumuuliza dereva kama kuna mtu anachota.

Fundi wa kwanza alinieleza jambo ambalo wengi wetu tunalisikia gereji, na ambalo mimi nililirudia kwa watu wengine kwa kujiamini kabisa: injini imechoka, nafasi kati ya pistoni na silinda imepanuka, oili nyepesi inapenya, basi weka oili nzito isipenye. Tukatoka kwenye oili ya 10W-30 tukaweka 20W-50, iliyo nzito zaidi. Lita ile ikawa inaisha kabla ya kilomita 900.

Maelezo yale yanaingia akilini haraka, ndiyo maana yanadumu. Lakini yana makosa matatu yaliyofungamana, na inafaa kuyafungua moja moja.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba lita moja ikiungua lazima ionekane. Tupige hesabu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, kilomita 1,000 ni saa 12 na nusu. Kila mzunguko, kila pistoni inapanda mara moja na kushuka mara moja. Kwa silinda nne, safari hiyo ni takriban mipando na mishuko milioni 15. Lita moja ina matone kama 20,000 ukichukulia tone kuwa la kawaida. Gawanya: tone moja linatosha mipando na mishuko 750. Injini nzima, silinda zote nne kwa pamoja, inachoma tone moja kila baada ya sekunde mbili na robo, na wakati huo huo inachoma petroli kama lita 100 kwa kilomita hizo hizo 1,000. Yaani sehemu moja ya oili kwa sehemu 100 za petroli. Wavuvi wa pwani wanaotumia mashine za boti za zamani, zile za kuchanganya oili na petroli kwenye tangi, wengi wanachanganya moja kwa 50. Pikapu yangu ilikuwa inachoma oili nusu ya kiwango hicho, tena moshi wake unapita kwenye masega ya bomba la moshi (katalisti), ambayo kazi yake ni kumalizia kuchoma mabaki. Kukosa kuona moshi hakukuthibitisha chochote.

Kosa la pili ni kudhani kwamba oili haitakiwi kuwa pale juu. Inatakiwa. Ukuta wa silinda lazima ulowe muda wote, la sivyo chuma kitasaga chuma. Kinachotakiwa kubaki ukutani ni utando wa mikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa mikroni kama 70. Kwa hiyo suala halikuwa kuizuia oili isipande. Suala ni nani anaikwangua, na ikishakwanguliwa inaelekea wapi. Na hapo ndipo lilipo kosa la tatu, la kudhani oili inapanda kwa sababu tu nafasi imepanuka, lile lililonigusa zaidi nilipolielewa.

Pistoni ya kawaida ina ringi tatu. Mbili za juu zinabana gesi isishuke. Ya tatu, ya chini, ni ringi ya oili, na mara nyingi imeundwa na vipande vitatu: bapa mbili nyembamba kama wembe na katikati yake chuma chembamba kilichokunjwakunjwa, kinachozisukuma bapa hizo zigande ukutani. Pistoni ikishuka, bapa zinakwangua oili ukutani. Nyuma ya ringi hiyo, ndani ya mfereji wake kwenye pistoni, kuna matundu madogo. Oili iliyokwanguliwa inaingia kwenye matundu hayo, inapita ndani ya pistoni na kudondoka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini.

Fikiria waipa ya kioo cha mbele mvua inaponyesha. Waipa haiyaondoi maji duniani, inayasukuma pembeni, na kule pembeni kuna njia ya kuyatoa. Sasa fikiria kwamba pembeni mwa kioo pamezibwa na majani ya mwembe. Waipa ni mpya, mpira wake laini, inabana sawasawa, lakini maji yaliyosukumwa yanajaa pale na kurudi kwenye kioo. Ukibadilisha waipa hujasaidia kitu. Ringi ya oili ni hivyo hivyo. Matundu yakiziba, oili iliyokwanguliwa haina pa kwenda. Inajaa kwenye mfereji, inateleza juu kupita ringi, na pistoni ikipanda inaipeleka moja kwa moja kwenye moto.

Kinachoziba ni oili yenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kuosha karai la kukaangia maandazi anajua ile gundi nyeusi inayoshika ukingoni, pale mafuta yanaporuka kidogo kidogo na kukaa kwenye chuma cha moto bila kurudi kwenye wingi wa mafuta. Katikati ya karai hakuna tabu, mafuta yanazunguka. Ukingoni yanakauka, yanakuwa manjano, kahawia, kisha meusi magumu ambayo sabuni haiyawezi. Oili iliyotulia kwenye mfereji wa ringi iko ukingoni mwa karai. Ikichelewa kubadilishwa, ikiwa imechoka, au gari likienda safari fupi fupi za kuanza na kuzima, inaganda haraka zaidi. Na ikishaanza kuziba inajiongeza yenyewe: tundu likiwa jembamba oili inakaa muda mrefu, ikikaa muda mrefu inaungua zaidi, ikiungua zaidi tundu linazidi kuwa jembamba. Mwishoni ringi yenyewe inanata ndani ya mfereji wake na haisukumi tena ukuta.

Sasa irudie ile dawa ya oili nzito. Oili nzito inaacha utando mnene zaidi ukutani, na inapita kwa shida zaidi kwenye tundu jembamba. Uji mzito unapita kwa shida zaidi kwenye chujio lililoziba kuliko uji mwepesi. Sisemi kwamba oili nzito haisaidii kamwe. Kwenye injini ambayo kweli imelika, au ambayo oili inapita kwenye gaidi za vali, yaani mirija ambamo vali hupanda na kushuka, inaweza kupunguza ulaji, na oili nyepesi ya hali duni huvukiza haraka ikipata moto. Lakini kuiweka kabla ya kujua oili inatokea wapi ni kubahatisha, na kwa pikapu yetu ilikuwa kubahatisha vibaya.

Kipimo kilichotuchanganya zaidi kilikuwa kile cha kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana gesi. Fundi alipima, silinda zote nne zikatoa namba nzuri zinazokaribiana. Mimi nikasema basi ringi ni nzima, tatizo halipo huku. Nilikosea, maana kompresheni inashikwa na ringi mbili za juu. Ringi ya oili haihusiki na kubana gesi. Inaweza kuwa imenata kabisa, matundu yote yameziba, na geji ikasoma kama injini mpya.

Tulipofungua hatimaye, fundi wa pili, mzee mmoja mtulivu wa Korogwe, aliniita nisogee na tochi. Ukuta wa silinda ulikuwa bado una ile michirizo ya kukatizana ya kiwandani, inayoonekana ukiinamisha mwanga. Silinda haikuwa imelika. Kisha akanigeuzia pistoni. Ringi za juu zilicheza kwa kidole. Ya oili haikusogea. Aliikwangua kwa kipande cha ringi iliyovunjika ikatoka na maganda meusi kama mkaa. Nyuma yake nikaona vidoa vyeusi mahali ambapo panatakiwa kuwa na matundu. Akachukua ncha nyembamba ya kutobolea, akaizungusha kwa vidole bila mashine ili asipanue chuma, na tundu la kwanza likafunguka. Nililitazama kwa muda mrefu. Tundu hilo na wenzake, ambayo kijiti cha kiberiti kingepita kwa tabu, ndiyo yaliyokuwa yanaamua lita yangu. Bloku haikupelekwa kuchongwa. Tulisafisha, tukaweka ringi mpya na vali sili mpya (zile za mpira zinazozuia oili isiteremke kwenye vali), tukafunga.

Si kila injini inayokula oili ina ugonjwa huu. Vali sili zikikakamaa, oili inateremka kidogo kidogo usiku na asubuhi ukiwasha unaona wingu la bluu linaloisha baada ya muda mfupi. Vali ya PCV, ile inayorudisha gesi za sampu kwenye manifodi, yaani njia ya hewa inayoingia kwenye silinda, ikishindwa kazi inaweza kufyonza mvuke wa oili pamoja na gesi. Ni kitu kidogo na cha bei nafuu, kwa hiyo kiangalie kabla hujashusha injini. Mlima nao unasema jambo. Dereva akiteremka Soni kwa gia ndogo huku ameachia mafuta, mlango wa hewa inayoingia kwenye injini unakuwa umefungwa na pistoni zinafyonza kwa nguvu kama mtu anayevuta mrija ulioziba mwisho. Mvuto huo unavuta oili kupita vali sili au ringi. Ukifika Mombo ukakanyaga mafuta, mtu aliye nyuma ataona bluu. Mimi nilikuwa natazama gari likiwa limesimama, nikakosa yote hayo. Dalili hii peke yake haitenganishi vali na ringi, na kwa dizeli haifanyi kazi vivyo hivyo kwa kuwa nyingi hazina mlango huo wa hewa. Kwa dizeli yenye tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, chunguza tabo mapema.

Wala si jambo la magari makuukuu tu. Pikapu za General Motors zenye V8 ya lita 5.3, yaani injini ya silinda nane, zile zinazozima silinda nne injini ikiwa na kazi nyepesi, zililalamikiwa miaka mingi Marekani kwa kula oili, na mwaka 2022 jopo la mahakama mjini San Francisco liliamua kampuni iwalipe baadhi ya wamiliki wa magari ya 2011 hadi 2014 jumla ya dola milioni 102.6. Toyota nayo iliongeza dhamana huko Marekani kwa magari yenye injini ya 2AZ-FE, injini iliyojaa barabarani kwetu ndani ya RAV4, na dawa yao ilikuwa pistoni na ringi za muundo mpya. Kipimo walichotumia kilikuwa ulaji wa takriban lita moja kwa kilomita 2,000. General Motors wao walihesabu hadi lita moja kwa takriban kilomita 3,200 kuwa ni kawaida. Ukilinganisha namba hizo mbili utaona kwamba neno "kawaida" linategemea nani anapima.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Egesha mahali tambarare, subiri dakika kumi injini ikiwa imezimwa, jaza hadi alama ya juu, andika kilomita. Baada ya kilomita 1,000 rudi mahali pale pale, jaza tena kwa chupa yenye alama za mililita, andika kilichoingia. Fungua plagi na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Ikiwa moja ina gundi nyeusi yenye mafuta na tatu kavu, umeshajua pa kuanzia.

Kuna njia ya kumwaga kisafishio cha karboni kupitia matundu ya plagi, kukiacha usiku, kuzungusha injini plagi zikiwa zimetolewa ili kisafishio kitoke, kisibanwe na pistoni kikavunja kitu, kisha kumwaga oili yote na kubadilisha filta. Nimeona ikipunguza ulaji kwenye gari moja na isifanye lolote kwenye jingine, na ushahidi mwingi wanaoonyeshana mafundi ni wa gari moja moja. Ni rahisi kuliko kushusha injini, kwa hiyo naona inafaa kujaribiwa kwanza, mradi oili ibadilishwe mara moja baada yake. Kitu kisichofaa kungojewa ni kiwango kushuka. Injini nyingi za barabara hii zilizonoki, yaani zilizokufa, zilikuwa zinakula oili taratibu, na mwenye gari alikuwa anangoja taa iwake. Taa ile inapima presha. Ikiwaka, beringi zimeshaanza kukosa oili.

Pikapu sasa inakula kama mililita 150 kwa kilomita 1,000. Oili tunabadilisha kila kilomita 5,000, 10W-30 ile ile ya kitabu. Jumamosi asubuhi, kabla kabichi hazijapandishwa, dereva anachomoa kijiti, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena na kuniita tusome wote wawili.